Pamba, polista, mtumba au lubugo: kuchagua nguo kwa kuufikiria udongo

Ukiingia Kiyembe kununua kitambaa, maswali ni yaleyale: mita shilingi ngapi, kitachuja, kitapungua kikifuliwa? Ni maswali ya haki, kwa sababu mfuko ndio unaoamua. Lakini wengi wetu tunaoishi Kampala tuna kishamba mahali, Mpigi, Lira, Kasese au Busia, na tunaujua udongo uliochoka ukiuona: mahindi yamegeuka njano kabla ya kubeba, na mvua ikinyesha maji yanakimbia juu badala ya kuzama. Mavazi yana mkono wake katika uchovu huo, hapa kwetu na kwingine duniani. Kwa hiyo nimezipanga nguo tunazozipata sokoni, nikaziuliza maswali matatu: imeuchukulia nini udongo, imeurudishia nini, na ikichakaa itaozea wapi.

Niseme mapema ninakoegemea. Nguo inayovaliwa miaka mitano inaishinda inayotupwa baada ya mwaka, hata kama hiyo ya pili imeshonwa kwa uzi safi kuliko wote. Ukishalikubali hilo, aina ya uzi bado ina uzito wake.

Pamba ya kawaida

Pamba ndilo zao la nguo tunalolijua. Mbegu za kibiashara zililetwa Uganda mwaka 1903 na Kristen Borup wa kampuni ya Uganda Company. Teso ikafuata na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Msimu wa 1969/70 nchi ilivuna karibu marobota 470,000 ya kilo 185 kila moja, kiwango ambacho hatujakifikia tena. Ila jembe lile la ng'ombe lilifungua ardhi kubwa kwa haraka, na ardhi iliyo wazi kwenye mteremko haina subira na mvua. Tayari enzi za ukoloni wakulima wa Teso walikuwa wakihimizwa kuacha mistari ya nyasi katikati ya mashamba ili kuzuia mmomonyoko.

Wengi wanaposema pamba inaua udongo, wanafikiria kemikali. Duniani hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Pamba inashika takriban asilimia 2.5 ya ardhi inayolimwa, lakini inatumia dawa za wadudu kuliko ukubwa wake. Na inapomwagiliwa ovyo, chumvi hupanda juu. Bahari ya Aral, kati ya Uzbekistan na Kazakhstan, ilianza kukauka miaka ya 1960 mito yake ilipogeuzwa kwenda kwenye mashamba ya pamba, na vumbi la chumvi likaharibu mashamba ya jirani. Ya kwetu haikufika huko kwa sababu karibu yote hulimwa kwa mvua ya Mungu, na mbolea ya dukani mkulima wetu anaigusa kwa nadra.

Tatizo letu ni jingine: tunachukua bila kurudisha. Na hapa pamba ina siri ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Uzi wenyewe, ule mweupe, hauondoki na rutuba nyingi. Karibu wote umetengenezwa kwa hewa na maji. Nitrojeni na fosforasi zimo zaidi kwenye mbegu, na potasiamu nyingi inabaki kwenye mbegu na mabua. Kiwandani pamba ikichambuliwa, mbegu inakwenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yanakwenda kulisha ng'ombe na kuku wa mtu mwingine, pengine wilaya nyingine kabisa. Mabua nayo hung'olewa na kuchomwa ili funza wa vitumba wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Ni desturi nzuri dhidi ya wadudu, lakini moshi ule unaondoka na nitrojeni, na shamba linabaki uchi kipindi chote cha jua. Kwa hiyo pamba inaweza kuwa zao jepesi kwa udongo endapo samadi itarudi shambani na pamba itapokezana na ulezi, simsim na karanga, kama wazee wa kaskazini na Teso walivyozoea. Isiporudi kitu, kila msimu ni mkopo.

Ardhi kiasi gani inaingia kwenye shati? Chukua shati la gramu 200. Pamba mbegu ikichambuliwa, uzi ni kama theluthi moja na kidogo. Weka na kinachopotea kwenye kusokota na kukata, shati limekula karibu robo tatu ya kilo ya pamba mbegu. Tuseme ekari imempa mkulima kilo 300: hayo ni mashati kama 400, kwa hiyo kila moja limeshika mita 10 za mraba kwa msimu mzima, ukubwa wa chumba kimoja cha kupanga. Ukilivaa mara mbili zaidi, umeigawa hesabu hiyo nusu. Sijui lebo yoyote inayoweza kukufanyia kazi hiyo.

Kuna na safari ya rangi. Fulana nyingi zinazouzwa hapa hazikutiwa rangi Uganda. Zimetoka viwanda vya nje, na pamba yetu yenyewe zaidi ya asilimia 90 huuzwa nje ikiwa uzi mbichi. Tiruppur, mji wa fulana kusini mwa India, maji ya viwanda vya rangi yalitiririka mto Noyyal miaka mingi hadi mashamba ya chini yakajaa chumvi. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda hivyo vifungwe hadi vitakapoacha kumwaga uchafu. Fulana ya pamba asilimia mia inaweza kuwa na historia hiyo bila kukuambia lolote. Ndiyo maana nikipewa kuchagua kati ya rangi nyeusi tii na rangi ya asili ya pamba au rangi nyepesi, ubora ukiwa mmoja, nachukua nyepesi.

Pamba hai

Wakulima wa Lango, kaskazini mwa Uganda, wamelima pamba hai, yaani isiyo na dawa wala mbolea za kemikali, tangu miaka ya 1990. Badala ya kupulizia, wanategemea chungu weusi, nginingini kwa lugha yao, wanaokula funza wa vitumba. Ukipulizia dawa, unaua chungu kwanza na funza wanarudi na njaa zaidi. Udongo unafaidika kwa njia mbili: wadudu na minyoo wake wanaishi, na mkulima aliyethibitishwa analazimika kupokezanisha mazao.

Lakini nisikuuzie peponi. Kilimo hai bila samadi ni kilimo cha kuchukua tu, kama kile cha kawaida. Kuacha kupulizia hakujazi potasiamu. Na uthibitisho wenyewe ni kitu dhaifu: mwaka 2008 nyumba za Apac na Oyam zilipopuliziwa DDT kupambana na malaria, makampuni yaliyokuwa yakinunua mazao hai yalikwenda mahakamani, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya akikuta mabaki ya DDT hachukui mzigo. Walioumia ni wakulima waliokuwa wamefuata kila sharti.

Kwa mnunuzi wa Kampala kikwazo ni upatikanaji. Sehemu kubwa ya pamba hiyo inakwenda nje. Ukiikuta nguo imeandikwa ni hai, tafuta lebo ya GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo hai, ambayo inadai pamba iliyothibitishwa shambani na inaangalia rangi na maji ya kiwandani. Kama hakuna lebo, muulize muuzaji ni nani aliyeithibitisha. Akikosa jibu, ilipie bei ya pamba ya kawaida.

Kati ya pamba hai yenye lebo na pamba ya kawaida iliyofumwa na kushonwa hapa Uganda, ambayo mkulima wake ni jirani wa jirani yako? Mimi naichukua ya hapa, ikiwa kitambaa ni kizito na mshono ni imara. Kiwanda kikibaki na pamba nyumbani, taka za kusokota nazo zina nafasi ya kurudi mashambani kwetu. Najua wapo watakaonipinga, na hoja yao ya dawa ina nguvu.

Polista

Utetezi wa polista ni wa kweli na tusiufiche: haihitaji ekari hata moja ya shamba. Hailimwi, haimwagiliwi, haipuliziwi. Inadumu, inakauka upesi, na bei yake mama wa watoto wanne anaimudu. Ndiyo maana leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni polista.

Deni lake kwa ardhi linakuja mbele na nyuma. Mbele ni mafuta ya petroli, na uchimbaji wa mafuta unajulikana unavyoweza kuiacha ardhi. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2011 kuhusu Ogoni, Nigeria, ilisema kuisafisha sehemu ile kutachukua miaka 25 hadi 30. Ni kweli nguo zinatumia sehemu ndogo tu ya mafuta yanayochimbwa, kwa hiyo siwezi kuiwekea polista lawama zote hizo.

Nyuma ndiko kunakonihangaisha. Polista ni plastiki ileile ya chupa ya soda. Ikifuliwa inamwaga vinyuzi vidogo visivyoonekana. Ulaya vinyuzi hivyo vinakwenda mitambo ya majitaka, na tope lake humwagwa mashambani kama mbolea. Kwetu njia ni fupi zaidi. Tunafua kwenye beseni, tunasuuza, na maji tunayamwaga palepale nyuma ya nyumba, mara nyingi kwenye migomba au sukumawiki, kwa sababu hakuna anayetaka kupoteza maji. Kila kufua ni kupanda plastiki kidogo kwenye bustani. Majaribio ya kisayansi yameonyesha kwamba nyuzi za polista zikichanganyika na udongo hubadilisha namna chembe zake zinavyoshikamana na unavyoshika maji. Tulipigia kelele kavera, mfuko wa plastiki, kwa sababu tunaiona imening'inia shambani. Hii haionekani, na hakuna atakayeiokota.

Ukiwa nayo tayari, usiitupe. Ifue mara chache, kwa maji baridi, bila kuisugua sana, na maji yake yamwage njiani mbali na mboga.

Kuzitambua sokoni

Vitenge ndivyo vinavyochanganya watu, maana polista leo inachapishwa maua mazuri kuliko pamba. Muuzaji atakuambia, "Pamba tupu hii, dada, gusa mwenyewe!" Mwombe uzi mmoja kwenye ukingo wa kitambaa, uchomoe, uuwashe kwa kiberiti ukiwa umeushika mbali na kitambaa. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na inaacha majivu laini ya kijivu yanayopukutika ukiyagusa. Polista inajikunja kabla ya kushika moto, inadondoka, inanuka plastiki, na ikipoa inaacha kishanga kigumu cheusi usichoweza kukivunja kwa vidole. Ikitokea majivu yenye vishanga, ni mchanganyiko. Kitambaa cha viskosi, uzi unaotengenezwa kwa mbao, kitaungua kama pamba pia, kwa hiyo kiloweshe pembe: viskosi ikilowa inalegea sana na kuchanika kwa urahisi, ilhali pamba haidhoofiki.

Wauzaji wengi hawakasiriki ukiomba kufanya hivyo. Anayekataa kabisa, amekujibu.

Mtumba

Hapa mjadala una joto. Mivumba, kama tunavyoiita hapa, imekuwa kwenye meza za viongozi tangu nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuiondoa polepole. Rwanda ilipandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuuza nguo bila ushuru chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa biashara na Afrika. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza akiwa Mbale kwamba anaipiga marufuku. Soko la Owino, Kampala, bado linauza.

Kwa swali letu la udongo, shati la mtumba la pamba lina faida ambayo hakuna nguo mpya inayoweza kuipata: shamba lake lilishalipwa. Mita zile 10 za mraba zililimwa miaka iliyopita na mtu mwingine ameshazitumia. Wewe unaongeza miaka ya kuvaa bila kuongeza hata jembe moja. Suruali nzito ya jinsi iliyochaguliwa vizuri Owino, kwangu, inashinda jinsi mpya ya bei nafuu kwa mbali, kwa sababu jinsi mpya inakula pamba nyingi na rangi nyingi.

Ubaya uko kwenye belo, ule mzigo wa nguo uliofungwa. Muuzaji hununua belo bila kulifungua. Ndani yake, pamoja na daraja la kwanza, kuna nguo zilizochanika, zenye madoa, na siku hizi blauzi nyepesi za polista zilizotengenezwa zivaliwe msimu mmoja. Hizo hazipati mnunuzi. Zinakwenda kwenye taka za mji, na taka za mji miaka mingi zilikwenda Kiteezi, jalala lililofunguliwa 1996 na kuporomoka Agosti 2024, likaua watu zaidi ya 30. Nguo hazikuwa chanzo cha maafa yale, lakini zilikuwemo katika mlima ule, na za plastiki hazitaoza. Wanaotuletea belo wametuhamishia kazi ya kuzika takataka zao katika ardhi yetu. Mbunifu Bobby Kolade wa Buzigahill alilijibu hilo mwaka 2022 kwa kuzikata nguo hizo, kuzishona upya na kuziuza kulekule zilikotoka, chini ya jina la kuzirudisha kwa mtumaji. Ni jibu ninaloliheshimu, ingawa haliwezi kumaliza belo zote.

Kwa hiyo mtumba ndiyo, lakini wa pamba, wa kitambaa kizito, na wa kuvaliwa. Shati la polista la shilingi 2,000 linalonunuliwa kwa sababu tu ni shilingi 2,000 ni taka iliyosimama kwako kidogo ikiwa njiani.

Lubugo

Sasa lubugo, nguo ya gome la mti, ambayo kwa udongo haina mshindani katika orodha hii. Mti ni mutuba, jamii ya mtini, unaosimama katikati ya migomba na kahawa za Buganda. Fundi anakwangua ngozi ya juu, anakata duara juu na chini ya shina, anapasua mstari mmoja wa wima, kisha analibandua gome taratibu kwa kabari ya shina la mgomba ili asiujeruhi mti. Papo hapo shina linavikwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya linaanza kuota. Mti uleule unaweza kuvunwa tena, miaka kwa miaka. Gome likishalainishwa kwa moto au mvuke linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza mipana kisha myembamba, kivulini, hadi linatanuka mara kadhaa ya upana wake. Likianikwa juani ndipo linapata ile rangi ya udongo mwekundu.

Hakuna kulima, hakuna kusokota, hakuna rangi ya kiwandani. Mutuba unaangusha majani yanayokuwa matandazo, unaipa kahawa kivuli, na mizizi yake inashika ardhi. UNESCO iliitangaza kazi hii mwaka 2005 kuwa urithi wa ubinadamu, na ukoo wa Ngonge ndio unaoibeba tangu zamani. Mkulima anayekata mutuba kwa kuni kwa sababu lubugo halina soko anapoteza vyote viwili.

Lakini lubugo si la kila siku. Halipendi maji na sabuni, na likikunjwa sana linachanika. Hutalivaa kwenda kazini na boda. Linafaa sherehe, mazishi, mikoba, kofia, mapazia, zawadi za harusi. Ukiwa na pesa za kununua kitu kimoja cha heshima kwa kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, nunua cha lubugo kabla ya satini ya polista kutoka nje.

Nyuzi za mgomba nazo zinasifiwa, na kampuni ya TEXFAD hapa Uganda inatengeneza mazulia na nywele za kusuka kwa nyuzi hizo. Kazi nzuri, ila mkulima mwenye shina la mgomba mkononi ajue kwamba shina hilo ni matandazo na potasiamu. Akiliuza, makapi yanayobaki baada ya kuvuta nyuzi yarudi shambani. Ngozi naipitia haraka: malisho yaliyokanyagwa kupita kiasi, kisha kromiamu, kemikali ya kutengenezea ngozi kiwandani. Nunua viatu vichache, vitengenezwe upya kisigino kila vinapoisha. Viskosi inategemea msitu uliokatwa ni upi, na lebo haikuambii, kwa hiyo kwangu inakaa chini ya pamba.

Ningechagua nini

Sare za shule: mchanganyiko wa pamba na polista. Nasema hivi ingawa mchanganyiko ukizikwa pamba inaoza na polista inabaki kama wavu. Mtoto anakimbia, anaanguka, na sketi iliyodumu ikarithiwa na wadogo wawili imeokoa shamba kuliko sketi ya pamba tupu iliyopasuka muhula wa pili. Mwambie fundi aache pindo refu la kushusha.

Kanzu na gomesi, gauni la heshima la wanawake: hapa polista imetawala kwa mng'aro wake. Kanzu ya pamba inakunjika, ndiyo, lakini inapumua, na kwa Ijumaa ya jua kali tofauti utaijua mwenyewe. Gomesi, ikiwa ni ya sherehe mbili kwa mwaka, azima ya dada au shangazi kwanza.

Nguo za ndani, shuka, nepi na taulo: pamba mpya, bila mjadala. Ndizo zinazofuliwa mara nyingi kuliko zote, na maji yake ndiyo yanayomwagwa uani kila wiki. Nguo za kazi na jinsi: mtumba mzito.

Pamba ikishachakaa kabisa, baada ya kuwa tambara la jikoni, shimo la mbolea linaipokea. Ng'oa kwanza vifungo, zipu, lastiki na lebo, na ukate mishono, maana uzi wa cherehani mara nyingi ni polista hata kama shati ni pamba tupu. Kata vipande vya kiganja, vilowanishe, vichanganye na samadi na maganda ya matooke. Tambara lililotumika kufutia oili ya gari au rangi ya ukuta lisiingie humo kabisa.